Wakazi wa Dodoma msiniite kupaka rangi juu ya kuvu, tafuteni kwanza maji yanatoka wapi

FundiRangi_Dom:
Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, asiyeweza kusoma apite tu hakuna ugomvi.

Mimi ni fundi rangi, napiga skimu (plasta laini ya juu) na rangi hapa Dodoma mjini na pembezoni, Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Nkuhungu, Nzuguni, saa nyingine mpaka Mtumba huko. Kila ikifika mwezi wa pili wa tatu simu zinaanza, fundi njoo chumba cha watoto ukuta umetoka weusi, fundi njoo nyuma ya kabati kumeota vitu. Ukifika unakuta kweli, na mara nyingi unasikia mtoto anakohoa chumba cha pili, ukiuliza mama anakwambia hiyo ni vumbi tu si unaijua Dodoma. Halafu wanachotaka ni nipige rangi ya kung'aa haraka haraka kwa sababu Pasaka wageni wanakuja.

Sasa naandika hapa ili nikipigiwa niwe natuma link badala ya kurudia maneno. Rangi haiui kuvu. Kuvu ni kitu chenye uhai na inahitaji maji. Chakula chake hutakiweza, inakula vumbi, inakula karatasi ya jipsamu, inakula rangi yenyewe, inakula nguo na viatu vya ngozi. Mbegu zake zipo hewani kila sehemu, huwezi kuzizuia mlangoni. Kitu pekee unachoweza kumnyima ni maji. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujanunua kopo la rangi ni moja, maji yanaingilia wapi.

Najua mtu atasema Dodoma gani hiyo yenye maji. Ndo kosa lenyewe linapoanzia. Mvua yetu ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, ndogo kweli, lakini inamwagika karibu yote Desemba mpaka Aprili. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 watu wamejenga kwa kasi, wengi wanajenga mwezi wa nane wa tisa ardhi imekauka mpaka imepasuka, fundi na bosi wanakubaliana kwamba nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) ni kupoteza hela, na ile kozi, yaani tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta ndo haitajwi kabisa. Nyumba inaisha inapendeza, dalali anaipangisha. Ikija mvua maji yanatuama kwenye msingi, hasa kule kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, tofali linayanyonya yanapanda juu taratibu. Ukiona rangi imetoa malengelenge kuanzia sakafuni mpaka usawa wa paja hivi, na juu yake ukuta mzima hauna shida, hayo maji yanatoka chini. Hapo hata uniletee rangi ya bei gani itabanduka tu. Na ukipiga ya mafuta ndo unaharibu zaidi, unaziba, maji yanakosa pa kutokea yanapanda juu zaidi.

Kingine, watu wanachanganya kuvu na chumvi. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na mchanga mwingine nao unayo, ukuta ukilowa ile chumvi inatoka nje inakuwa unga mweupe ukigusa unapukutika. Hiyo sio kuvu na haitakuumiza kifua. Ipulizie maji kidogo, chumvi inayeyuka inapotea, kuvu haipotei. Kuvu ni nyeusi au kijani au kijivu na ina ile harufu ya nguo iliyofungiwa mbichi. Ila usifurahi sana ukikuta ni chumvi, maana yake maji yanapita humo, kuvu ikipata nafasi inakuja.

Mzee_wa_Area_C:
Fundi mnapenda kutisha watu. Sisi Wagogo tumekulia kwenye tembe, ukuta wa udongo, paa la udongo, ng'ombe wako jirani na unapolala, hakuna aliyejua hivyo vitu vya kuvu ukutani. Mnajenga majumba ya milioni mia halafu mnaugua. Tembe ilikuwa na hewa.

FundiRangi_Dom:
Shikamoo mzee. Hujakosea sana. Udongo unanyonya unyevu na unautoa, na nyumba yenyewe haikuzibwa. Nyumba za sasa tumeweka dirisha la alminiamu linalofunga kisawasawa, yale matundu ya hewa ya juu ya dirisha tumeyatoa eti ya kizamani yanaingiza vumbi, silingi ni jipsamu, pazia zito mpaka chini. Humo wamelala watu watano wanapumua, nguo za shule zinaanikwa kwenye kiti, chai inachemka. Yote hayo ni maji, yanaenda wapi? Yanaenda kwenye ukuta wa baridi kuliko wote, wa nje, na hasa nyuma ya kabati ambako hewa haipiti, yanakaa pale kama jasho la soda ya baridi. Ndio maana unakuta chumba kizima safi halafu nyuma ya kabati msitu. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza watu wanaziba hadi chini ya mlango, unakuta kuvu hata kama hakuna tone la mvua.

Na wakuu wekeni gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa. Nyumba nzuri bati la kisasa, maji ya paa yote yanadondoka yanarudi kulowesha ukuta. Zile mvua za El Nino za 2023/24 zilituonyesha nani ana gata na nani hana.

mama_wawili_Ipagala:
Fundi nimesoma nikaona unaniongelea mimi. Mtoto wangu wa pili ana miaka minne, kila usiku anakohoa, mchana anacheza vizuri tu. Nimenunua dawa za maji za kila aina, duka la dawa wananipa antibayotiki anapona siku mbili inarudi. Cha ajabu likizo nilimpeleka kwa bibi yake Mpwapwa hakukohoa kabisa, huko kuna vumbi kuliko hapa! Tumerudi usiku wa kwanza tu kaanza. Kitanda chake kimegusa ukuta wa nje na chini ya ule ukuta kuna hayo malengelenge na kuna weusi kwenye kona. Kwenye dirisha lao huwa nasikia harufu lakini nilijua ni magodoro.

Tabibu_Kati:
Dada pole na mtoto. Mimi ni tabibu, siwezi kumpima mtu mtandaoni, lakini hayo uliyosema mawili, usiku zaidi ya mchana na kupona akiondoka nyumbani, mwambie daktari hivyo hivyo bila kupunguza. Ni maelezo yanayosaidia kuliko kusema tu anakohoa. Inaweza kuwa pumu na pumu ya mtoto si lazima ije na ile kupiga miluzi ambayo watu wanaisubiri, inaweza kuja kama kikohozi cha usiku au akikimbia akicheka sana.

Niongeze kidogo kwa wote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, wakapitia tafiti nyingi wakasema wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wana kikohozi zaidi, kifua kubana zaidi, pumu zaidi na maambukizi ya njia ya hewa zaidi. Hawakuweka kiwango kwamba kuvu kiasi hiki ni salama na hiki si salama, walichosema ni kuondoa unyevu. Kwa hiyo msihangaike kutafuta kipimo cha aina ya kuvu, nyeusi kijani zote ondoa.

Lakini tusipeleke kila kikohozi kwenye ukuta. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kipimo cha kifua kikuu ni lazima, hasa kukiwa na homa za jioni, kutoka jasho usiku, kupungua uzito, au kuna mtu nyumbani aliwahi kuugua. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Kwa mtoto mdogo dalili zinaweza zisionekane zote, asipoongezeka uzito tu inatosha kumpeleka. Na aliyewahi kuugua TB ikaacha makovu au matundu kwenye mapafu, huyo hasa asilale chumba chenye kuvu, kuna kuvu inaitwa aspajilasi inapenda kuota ndani ya yale matundu, anakohoa mpaka damu watu wanadhani TB imerudi. Hivyo hivyo wenye kinga iliyoshuka.

Halafu dada hizo antibayotiki acha kununua. Hazitibu pumu na haziui kuvu.

Mdau_kisasa:
Doctor umetaja pumu, hizo inhela, dawa za pumu za kuvuta, si zinamfanya mtu ategemee maisha yake yote? Mamangu mdogo alikatazwa na majirani.

Tabibu_Kati:
Majirani hao waje wakae naye siku kifua kikibana. Hazileti uteja. Ziko za aina mbili, ya bluu kwa kawaida ni ya kufungua kifua pale pale kikibana, nyingine mara nyingi ya kahawia ni ya kuzuia, hiyo inatumika kila siku hata akiwa mzima. Watu wengi wanatumia ya bluu tu wanaiacha ya kuzuia kwa sababu hawaoni inafanya nini, halafu wanarudi wodini. Mtoto mdogo hawezi kuvuta moja kwa moja, dawa inaishia mdomoni, anahitaji chombo cha kukaa katikati ya inhela na mdomo. Kama hakipo, chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela inafanya kazi, imefanyiwa utafiti Afrika Kusini ikaonekana inasaidia vizuri tu. Mwambie muuguzi akuonyeshe usitoboe kwa kubahatisha.

Ukiona mtoto mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, anashindwa kuongea au kunyonya, midomo inabadilika rangi, hapo hakuna uzi, nenda hospitali usiku huo huo.

Na mzee wa Area C, tembe ilikuwa na hewa sawa, lakini ilikuwa na moshi pia. Akina mama waliopika kuni ndani miaka yote tunawaona kliniki na vifua vyao. Na hili la moshi bado liko mjini, mwezi wa saba baridi ya Dodoma ikizidi mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani anafunga dirisha. Ule mkaa uliokolea ambao hautoi moshi ndio mbaya zaidi kwa sababu huuoni, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, familia inalala haiamki. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, ni jambo zuri, ila wewe mkaa wako usiku huu utoe nje. Usisubiri 2034.

FundiRangi_Dom:
Daktari asante, umenisaidia sana. Kuna nyumba moja niliingia jiko la mkaa lipo chumbani na kuvu ipo ukutani, mtoto anapigwa pande zote.

kijana_wa_Nkuhungu:
Mimi nilikuwa nafuta na jiki, inapotea kabisa inakuwa nyeupe, wiki tatu inarudi palepale. Safari hii nataka nichanganye jiki na siki iwe kali zaidi, nimeona kwenye video.

FundiRangi_Dom:
USICHANGANYE. Jiki na siki, jiki na dawa za kusafishia choo zenye asidi, zinatoa hewa ya klorini, utaanza kukohoa wewe kuliko mtoto. Jiki na vitu vyenye amonia pia usichanganye.

Inarudi kwa sababu jiki inafua rangi ya kuvu kwenye sura ya ukuta, mizizi ipo ndani ya plasta na maji bado yanakuja. Kwenye vigae au kioo inafaa. Kwenye ukuta wa plasta mimi nafanya hivi: mtoto na mwenye pumu watoke nyumbani siku hiyo, dirisha wazi, mlango wa kwenda vyumba vingine umefungwa, barakoa nzuri sio ya kitambaa, glavu. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni ndo ufute, usipige brashi kavu hata siku moja unarusha mbegu nyumba nzima. Matambara yale tupa. Jipsamu ikishaota kuvu haisafishiki, kata kipande weka kingine, lakini baada ya kuziba bati linapovuja. Kama ni eneo kubwa kuliko mlango hivi au ni maji ya choo yaliyopita humo, usifanye mwenyewe.

Wewe wa Nkuhungu huko maji yanatuama, nadhani yako yanatoka chini. Chimba mtaro kuzunguka nyumba, udongo wa nje uwe chini kuliko sakafu na uiname kwenda mbali na ukuta, hiyo peke yake imeponya kuta nyingi. Watu wanamwaga kifusi na kupanda maua mpaka kinazidi jamvi halafu wanashangaa.

MwenyeNyumba_Makulu:
Naona hapa kila kitu ni mwenye nyumba mwenye nyumba. Semeni na upande wa pili. Mpangaji anapika wali kwenye chumba cha kulala, dirisha halifunguliwi tangu aingie, anaanika nguo ndani, godoro lake amelibandika ukutani, akihama anasema nyumba ina fangasi. Mimi nipake rangi kila mwaka kwa kodi gani?

Mdau_kisasa:
Bosi ukuta ukilowa kuanzia chini mpaka gotini mpangaji ameumwagia wali? 😂

mwanasheria_mtaa:
Tuweke sawa. Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 88, nyumba ya kuishi ikipangishwa mwenye nyumba anachukuliwa ameahidi kwamba inafaa binadamu kuishi pale mkataba unapoanza na itaendelea kufaa muda wote wa mkataba. Kwa hiyo paa, msingi, gata, ni ya mwenye nyumba. Kufungua dirisha na kuacha kuanika nguo ndani ni ya mpangaji, hapo bosi wa Makulu ana hoja. Mpangaji ukiona tatizo andika, hata meseji, piga picha yenye tarehe, usiongee mdomoni tu halafu ukaacha kulipa kodi, hiyo inakugeuka.

Wenzetu Uingereza walifika mbali kwa njia mbaya. Mtoto Awaab Ishak wa mji wa Rochdale alifariki Desemba 2020 ana miaka 2, na uchunguzi rasmi Novemba 2022 ukasema kifo kilitokana na kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Baba yake alianza kulalamika 2017 akaambiwa apake rangi juu. Bunge lao likapitisha sheria 2023, ndani yake kuna kipengele wanakiita Sheria ya Awaab, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za jamii kule (zile za kupangisha kwa bei nafuu) wanapewa muda maalum wa kuja kukagua na kurekebisha.

FundiRangi_Dom:
Akaambiwa apake rangi juu. Soma hiyo mara mbili mkuu wa Makulu.

Ila wewe nakuelewa, sikwambii upake kila mwaka, nakwambia usipake kabisa mpaka ukuta ukauke. Tena sisi Dodoma tuna bahati ambayo mtu wa Tanga hana, kuanzia Mei hewa inakauka yenyewe na upepo upo. Mvua ikiisha bandua plasta iliyooza mpaka tofali lionekane, uvuke mpaka juu ya doa, weka mtaro na gata, acha ukuta uchi. Tofali la inchi sita lililolowa miezi mitatu halikauki kwa wiki. Niite baada ya Nanenane, ukiniita Machi nitakula hela yako bure.

mkulima_Kongwa:
Naomba niongezee la huku vijijini. Watu wengi mahindi na karanga tunaweka ndani tunapolala, gunia limeegemea ukuta, chini sakafu ya udongo au saruji. Ukuta ukiwa na unyevu gunia la chini linaota kuvu na unga wake unauvuta usiku kucha, hapo hujala bado. Na tukumbuke 2016 hapa Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi. Hiyo ukipika haitoki, ukiosha haitoki. Sisi tunaweka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta mtu apite katikati, na mahindi yakauke kweli kwanza. Ile mifuko isiyopitisha hewa inazuia wadudu lakini haikaushi, ukiweka mabichi umejitengenezea mwenyewe.

Tabibu_Kati:
Hili la magunia tunalisahau sana kwenye historia ya mgonjwa. Asante mkuu.

Mdau_kisasa:
Sasa mnasema tufungue madirisha, mwezi wa tisa upepo wa Dodoma ukifungua unakula vumbi, na vumbi nalo si linaamsha pumu? Tushike lipi.

FundiRangi_Dom:
Ni saa tu. Kiangazi fungua asubuhi mapema upepo haujaamka, pande mbili ili hewa ipite, mchana funga. Masika ni kinyume, asubuhi hewa imelowa, fungua mchana jua likitoka. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi usifagie kavu mtoto akiwa ndani. Kabati vuta kutoka ukutani upana wa kiganja. Vipo vipimo vidogo vya unyevu wa hewa vya kuweka mezani, havina bei kubwa, ukiona unakaa juu ya asilimia 60 siku nyingi ujue kuvu inakuja, chini ya 50 uko salama. Na ukilowesha kitu, zulia au godoro, likauke ndani ya siku moja au mbili.

mama_wawili_Ipagala:
Wapendwa nimehamisha kitanda, mtoto analala sebuleni kwa sasa, wiki hii nampeleka hospitali na maelezo kama daktari alivyosema. Swali la mwisho, godoro lake la sponji upande uliogusa ukuta lina vidoadoa vyeusi. Nikilianika juani wiki nzima linafaa au? Maana godoro ni hela.

Tabibu_Kati:
Dada hilo litoe. Jua linakausha lakini vilivyoingia ndani ya sponji vinabaki na akigeuka usiku anavivuta. Mto pia uangalie. Kama hela ya godoro haipo sasa hivi, mkeka safi na blanketi zilizofuliwa zikakauka juani ni bora kuliko godoro hilo. Shuka fua kwa maji ya moto, chandarua fua kwa maji ya baridi.

FundiRangi_Dom:
Na usimpe jirani hilo godoro dada, lichane kabisa maana hapa mjini ukiliacha nje usiku asubuhi mtu keshalibeba.